Namna ya kufuatilia fedha za serikali wahisani katika afya ya mama na uzazi, kuanzia stoo ya zahanati hadi bunge lao

Mwongozo huu unamlenga mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo cha afya, diwani, mwandishi wa habari au mfanyakazi wa shirika dogo la kiraia ambaye amesikia kwamba serikali fulani ya nje imetoa, au imesitisha, mamilioni ya dola kwa ajili ya afya ya mama na uzazi wa mpango, naye anataka kujua fedha hizo zinagusa wapi katika eneo lake. Nashauri kazi ianzie chini, kwenye leja ya dawa ya zahanati, kisha ipande ngazi moja baada ya nyingine mpaka kwenye bunge la nchi iliyotoa fedha. Wengi huanza na tangazo la waziri au la balozi, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu kiasi kinachotangazwa hupita hatua nne kabla ya kumfikia mama aliye leba: huahidiwa, huidhinishwa, hutolewa, kisha hufika. Kila hatua ina nyaraka zake na mwaka wake wa fedha, na mara nyingi kiasi hupungua njiani bila mtu yeyote kuiba chochote.

Anzia kwenye leja

Mwombe mganga mfawidhi akuoneshe kurasa za leja za dawa chache tu: oksitosini, ambayo mama huchomwa mara baada ya kujifungua ili kuzuia kutokwa na damu nyingi, magnesiamu salfeti, ambayo ndiyo dawa ya kifafa cha mimba, sindano za uzazi wa mpango, na vipandikizi, yaani vile vijiti vya mkononi. Kila ukurasa una safu za tarehe, mahali dawa ilikotoka, namba ya hati, kiasi kilichopokelewa, kiasi kilichotolewa na bakaa. Nakili miezi kumi na miwili. Siku ambazo bakaa inasoma sifuri zipigie mstari, kisha fungua Kitabu cha 12 cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile cha wazazi, uone ni akina mama wangapi walijifungua katika siku hizo. Hesabu hiyo ndogo ina nguvu kuliko takwimu yoyote ya kitaifa utakayoipeleka kwenye kikao, kwa sababu kila aliyehudhuria anaijua zahanati inayozungumziwa.

Kinachofuata ni kutenganisha dawa kwa chanzo cha fedha. Nchini Tanzania zipo dawa ambazo kituo hununua kutoka Bohari ya Dawa kwa fedha zake, zikiwemo za bima, za uchangiaji na za ruzuku, na zipo dawa za miradi msonge ambazo hufika kituoni bila kituo kutozwa, kwa kuwa zimelipiwa na programu ya taifa au na mhisani. Vipandikizi, sindano na kondomu kwa kawaida huwa katika kundi hili la pili. Oksitosini mara nyingi huwa katika kundi la kwanza. Kwa hiyo ukisikia kwamba serikali ya nje imekata misaada ya uzazi wa mpango, halafu ukakuta kilichokosekana kituoni ni oksitosini, tatizo huenda liko kwenye oda ya kituo, kwenye deni lake Bohari, au kwenye jokofu, maana oksitosini inatakiwa kuhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na hakuna mhisani anayelipa umeme wa LUKU wa kila zahanati.

Fedha ambazo hazipiti kwenye bajeti yako

Mwananchi anayefungua kitabu cha bajeti ya halmashauri akitafuta mamilioni aliyoyasikia redioni huwa hayaoni, na hufikia haraka uamuzi kwamba yameliwa. Kabla ya kusema hivyo, jua fedha hizo zilipita njia ipi.

Sehemu kubwa ya misaada ya Marekani kwa miaka mingi haikupita kabisa katika hazina za nchi zetu. Shirika la USAID, lililoanzishwa mwaka 1961, lilifunga mikataba na mashirika na makampuni, mengi yao ya Marekani yenyewe, nayo yakaajiri watu, yakakodi ofisi, yakatoa mafunzo, na pengine yakatoa ruzuku ndogo kwa mashirika ya hapa. Halmashauri iliona magari, semina na wauguzi waliopata mafunzo, lakini haikuona shilingi.

Njia nyingine ni ya vifaa. Mhisani huipa fedha UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia idadi ya watu na afya ya uzazi, lililoanza kazi mwaka 1969. UNFPA hununua vifaa kwa wingi, na nchi hupokea shehena. Hapa bei ina maana kubwa. Mwaka 2013 makubaliano baina ya wahisani na watengenezaji yalishusha bei ya kipandikizi aina ya Jadelle kutoka takriban dola 18 hadi dola 8.50 katika nchi maskini. Ina maana kwamba dola 85,000 zilizokuwa zikinunua vipandikizi 4,700 hivi sasa zikanunua 10,000, na kila kimoja kinaweza kumkinga mwanamke hadi miaka mitano. Mhisani anapokuambia ametoa dola kadhaa kwa uzazi wa mpango, mwulize idadi na aina ya vifaa, kisha uliza nani amelipia usafirishaji, glovu, dawa ya ganzi na mafunzo ya muuguzi wa kuweka na, jambo linalosahaulika mno, wa kutoa kipandikizi pale mwanamke anapotaka kitolewe.

Njia ya tatu ndiyo pekee ambayo mjumbe wa kamati ya kituo anaweza kuifuata mpaka senti ya mwisho, nayo ni fedha zinazoingia kwenye bajeti ya serikali. Tanzania ina Mfuko wa Pamoja wa Afya tangu mwaka 1999, na nchi kama Denmark, Ireland, Uswisi na Kanada zimewahi kuuchangia. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko huo zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo badala ya kukaa halmashauri, na kituo huandika mapato na matumizi yake katika FFARS, mfumo wa uhasibu na taarifa za fedha za kituo. Omba taarifa ya robo mwaka ya mfumo huo. Kwa Kenya, Denmark imewahi kutoa ruzuku kwa zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya chini kupitia serikali za kaunti, na kiasi cha kila kaunti kilionekana katika sheria ya mgao wa ziada kwa kaunti.

Hapa pana mtego. Fedha zinazoitwa ufadhili zinaweza kuwa mkopo. Mfuko wa GFF, uliozinduliwa Addis Ababa Julai 2015 kwa ajili ya afya ya wanawake, watoto na vijana, ambao Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi nne za mwanzo, hutoa ruzuku inayoambatana na mkopo wa Benki ya Dunia. Mradi wa Kenya wa kuimarisha mifumo ya afya, ulioidhinishwa mwaka 2016, ulikuwa na mkopo wa dola milioni 150 na ruzuku ya GFF ya dola milioni 40. Kwenye hotuba, fedha zote hizo mbili zinaweza kuitwa msaada. Lakini mkopo utalipwa na wajukuu wa mama aliyehudumiwa. Siupingi mkopo wa namna hiyo, kwa sababu masharti yake ni nafuu na vifo vya uzazi havisubiri, lakini mwananchi anayelipa ana haki ya kuuliza kwa ukali zaidi kuliko anayepewa.

Kusoma bajeti ya nchi inayotoa

Ukishajua njia, nenda kwenye chanzo. Kila nchi ina kalenda yake: mwaka wa fedha wa Marekani huanza 1 Oktoba, wa Uingereza 1 Aprili, na wetu Tanzania na Kenya 1 Julai. Fedha "za mwaka huu" za Washington zinaweza kuwa za mwaka ujao kwako, na swali lolote unaloandika linapaswa kutaja mwaka wa fedha wa nani.

Nchini Marekani, Bunge la Kongresi ndilo linaloidhinisha. Kwa miaka kadhaa mfululizo hadi 2024 liliidhinisha dola milioni 607.5 kwa mwaka kwa uzazi wa mpango na afya ya uzazi ya kimataifa, na ndani yake dola milioni 32.5 zilitengwa kwa UNFPA. Lakini rais ana funguo zake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1985 yanayoitwa Kemp-Kasten yanazuia fedha kwa shirika lolote ambalo rais ataamua kwamba linaunga mkono utoaji mimba wa kulazimishwa au ufungaji kizazi bila hiari, na kwa kutumia kifungu hicho marais wa chama cha Republican wameinyima UNFPA fedha katika vipindi mbalimbali, wakitaja sera za China, ilhali shirika lenyewe limekanusha tuhuma hizo kila mara. Jambo la kuuliza ni hili: sheria za bajeti za Marekani zimekuwa zikielekeza kwamba fedha iliyozuiwa UNFPA ihamishiwe kwenye shughuli nyingine za uzazi wa mpango na afya ya mama. Kwa hiyo ukisoma kwamba UNFPA imenyimwa, uliza zile dola zimepelekwa mradi gani na nchi gani.

Mwaka 2025 umetufundisha kwamba hata fedha iliyokwisha kuidhinishwa inaweza kurudishwa nyuma. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump aliamuru misaada ya nje isimame kwa siku 90 ili ipitiwe. Tarehe 1 Julai USAID ikakoma kusimamia misaada, na kilichosalia kikahamia Wizara ya Mambo ya Nje. Na tarehe 24 Julai rais akatia saini sheria iliyofuta takriban dola bilioni 9 zilizokuwa zimeidhinishwa tayari, karibu bilioni 8 kati ya hizo zikiwa za misaada ya nje. Desemba mwaka huo Kenya ilitia saini makubaliano mapya ya afya na Marekani, ya dola bilioni 1.6 katika miaka mitano, huku Kenya ikiahidi kuongeza dola milioni 850 kutoka mfukoni mwake. Mikataba ya namna hii ndiyo inayopaswa kusomwa neno kwa neno sasa. Angalia kama inataja uzazi wa mpango kwa jina, au inataja afya ya mama na mtoto peke yake. Angalia pia ni mwaka upi serikali yako inaanza kubeba mishahara na dawa zilizokuwa za mhisani.

Uingereza inafundisha somo jirani. Mwaka 2021 ilishusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, na mchango wake kwa mpango wa vifaa wa UNFPA ukaporomoka kutoka pauni milioni 154 zilizotarajiwa hadi karibu milioni 23. Februari 2025 serikali yake ikatangaza kwamba kiwango kitashuka tena hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Ukiona asilimia ya jumla inashuka hivyo, usisubiri tangazo kuhusu zahanati yako. Hesabu akiba ya vifaa iliyopo nchini na uulize itatosha miezi mingapi.

Masharti yanayosafiri na fedha

Sehemu hii inawahusu zaidi wenye mashirika, nami naiandika kwa mkazo kwa sababu ni hapa watu wazuri hufunga huduma ambazo hakuna aliyewakataza kuzitoa.

Tenganisheni mambo mawili. Marekebisho ya Helms ya mwaka 1973 yanakataza fedha za misaada ya Marekani kulipia utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango, na yamebaki chini ya marais wa vyama vyote viwili. Sera ya Mexico City ni kitu kingine. Ilitangazwa na serikali ya Ronald Reagan mwaka 1984 katika mkutano wa idadi ya watu uliofanyika jijini humo, na inalitaka shirika lisilo la kiserikali la nje ya Marekani kuahidi kwamba halitatoa wala kuhamasisha utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango kwa fedha zozote, hata zile lilizopewa na Uholanzi au lilizochangiwa na wanachama wake. Imekuwa ikiwekwa na kuondolewa kila chama kinapobadilishana madaraka: Bill Clinton aliiondoa 1993, George W. Bush akairudisha 2001, Barack Obama akaiondoa 2009, Donald Trump akairudisha 2017, Joe Biden akaiondoa 2021, na Trump akairudisha Januari 2025. Upana wake nao hubadilika. Zamani iligusa fedha za uzazi wa mpango. Toleo la 2017 liligusa karibu fedha zote za afya ya kimataifa, zikiwemo za UKIMWI na malaria. Baada ya 2001, chama cha uzazi wa mpango cha Kenya kilichokataa masharti hayo kilipoteza fedha na kikalazimika kufunga baadhi ya kliniki zake, ikiwemo ya Mathare jijini Nairobi, ambako akina mama walikuwa wakipata pia chanjo za watoto na huduma za wajawazito.

Ukiletewa mkataba wenye kifungu hicho, fanya yafuatayo. Omba nakala ya kifungu chenyewe, si muhtasari wa barua pepe, na uangalie ni toleo la mwaka gani. Uliza kama kinakuhusu wewe mpokeaji mdogo, kwa sababu kwa kawaida masharti hushuka kutoka kwa mpokeaji mkuu hadi kwa anayepewa ruzuku ndogo. Orodhesha huduma zinazoruhusiwa bado: katika toleo la 2017, kumhudumia mwanamke aliyeharibikiwa mimba au aliyepata madhara baada ya kuitoa kuliruhusiwa, na hata hivyo wapo waliouacha mlango huo ufungwe kwa hofu tu. Mwanamke anayevuja damu hana muda wa kusubiri mwanasheria wa mradi aelewe kifungu. Kisha pima, pamoja na bodi yako, asilimia ya bajeti inayotoka kwa mhisani huyo na huduma zitakazokufa ukikataa. Uamuzi ni wenu, lakini uandikwe kwenye muhtasari wa kikao ili mhisani mwingine aweze kuombwa kuziba pengo akiwa na sababu mkononi. Mwaka 2017 Uholanzi, Ubelgiji, Denmark na Uswidi zilianzisha harakati ya She Decides kwa lengo hilohilo, na Kanada iliahidi mwaka 2019 kwamba kuanzia 2023 dola milioni 700 za Kanada kila mwaka zitaelekezwa kwenye afya na haki za uzazi.

Mahali pa kutafuta takwimu

Kanzidata ya misaada ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, huweka kila mradi chini ya namba ya kazi. Namba 13020 ni huduma za afya ya uzazi, 13030 ni uzazi wa mpango, na 12220 ni huduma za afya ya msingi, ambako mara nyingi afya ya mama hufichika. Chagua nchi inayotoa, nchi inayopokea, namba hizo, kisha chagua fedha zilizolipwa badala ya zilizoahidiwa. Takwimu zake kamili hutoka takriban mwaka mmoja baada ya mwaka husika, kwa hiyo kwa mambo ya karibuni tumia d-portal, inayosoma taarifa za mpango wa uwazi wa misaada wa IATI, DevTracker ya Uingereza, na ForeignAssistance.gov ya Marekani. Jihadhari na kuhesabu fedha moja mara tatu: mhisani huripoti alichoipa UNFPA, UNFPA huripoti ilichokitumia, na shirika lililofanya kazi huripoti ilichopokea.

Upande wa nyumbani, Tanzania, fungua kitabu cha miradi ya maendeleo katika vitabu vya bajeti, Fungu 52 la Wizara ya Afya, uone safu ya fedha za ndani na safu ya fedha za nje. Hotuba ya Waziri wa Afya bungeni hutaja kiasi kilichopokelewa hadi mwezi fulani. Linganisha na kilichoidhinishwa. Kumbuka kwamba zahanati zenyewe ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, hivyo fungu la wizara halitakuonesha kila kitu. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo Rais hukabidhiwa kabla ya mwisho wa Machi, inafaa kusomwa kwa ajili ya miradi inayofadhiliwa na wahisani. Kwa Kenya, ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti zinaeleza kaunti kwa kaunti.

Kuandika barua na kuiwahisha

Ukiwa na leja, njia ya fedha na takwimu, andika swali moja kwa barua moja. "Halmashauri ilipokea kiasi gani kutoka Mfuko wa Pamoja wa Afya katika robo ya pili ya mwaka 2024/25, na kila kituo kilipata kiasi gani?" ni swali linalojibika, "misaada yetu iko wapi?" halijibiki. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo kwa Tanzania inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Sheria ya Kenya ya mwaka huohuo inatoa siku 21. Barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Mwishoni, na hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, uliza sehemu ya serikali yako mwenyewe. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Kushuka huko hakuwezi kuachwa kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine. Bajeti za halmashauri hujadiliwa na madiwani mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo nakala za leja na majibu ya barua zako ziwe mikononi mwa diwani kufikia Desemba, pamoja na ombi lililoandikwa kwa shilingi: kiasi cha oksitosini, magnesiamu salfeti na umeme wa jokofu ambacho kituo kitahitaji kwa miezi kumi na miwili endapo mhisani hataleta kitu.